Neno Ambalo Sikumwambia Mama Yako

Nekesa,

Jumamosi wametundika jezi yako. Namba tisa, ile ya kijani, imewekwa ndani ya fremu ya kioo juu ya mlango wa ukumbi wa michezo wa chuo chenu, na hakuna msichana mwingine atakayeivaa namba hiyo. Nimeona mwenyewe kwenye simu, hapa Malaz, Riyadh, nimesimama katikati ya nguo za watoto zilizolowa, na mashine inatetemeka hadi maneno mengine siyasikii. Nikaizima. Madam akaita kutoka sebuleni, "Mwende, mbona imenyamaza?" Nikamwambia inapumzika. Nikaendelea kukutazama.

Sijui hata kama ni mimi ninayestahili kukuandikia. Wenzako wa timu wapo, wengi. Mimi nilikuwa wa chuo kile kingine. Ni mimi ambaye kocha wetu alinishika bega kabla ya fainali ya mpira wa kikapu akaniambia, "Wewe una kazi moja tu leo. Yule namba tisa asipumue." Ulipumua, Nekesa. Pointi zako peke yako zilipita za timu yetu nzima. Nilikuvuta jezi, nikakukanyaga, nikakutukana kwa Kikamba, ukacheka bila kuelewa. Ulipofunga kile kikapu cha kuvunja rekodi ya wasichana wa vyuo vyote, mkono wangu ulikuwa usoni pako. Picha yenyewe ipo. Jumamosi walikuwa wameikuza na kuiweka jukwaani, na mimi humo ndani nimekatwa nusu.

Halafu ukapita muda, kazi ya ualimu sikuipata, nikaja huku. Siku moja nashuka kutupa takataka namwona mwanamke mrefu karibu na lango, abaya imeishia juu ya vifundo vya miguu, maana nani anashona abaya ya mtu wa urefu ule? Nikasema tu, "Namba tisa?" Ukageuka. Ukanitazama vizuri, ukasema, "Wewe si ndiye ulinikanyaga?" Tulicheka mpaka bawabu akatoka kuangalia kuna nini. Jengo moja, Nekesa! Wewe ghorofa ya tatu, mimi ya kwanza, vyeti vyetu vya ualimu vimelala kwenye masanduku nyumbani. Tangu siku hiyo Riyadh ikawa na mtu wangu.

Ni pale langoni uliponiambia kwamba nyumbani wanajua unafundisha michezo katika shule ya wasichana. "Mama aliikata ile picha ya gazeti akaibandika ukutani, anaonyesha kila mgeni. Nitamwambiaje nasugua vyoo?" Sikukulaumu. Wangu pia walikuwa wanajua nusu tu.

Basi Jumamosi mkuu wa chuo akasimama, akasema binti yao alikuwa mwalimu wa michezo huko Uarabuni, ambako Mungu alimwita. Watu wakapiga makofi. Mama yako alikaa mstari wa mbele, kitambaa kichwani, mkoba juu ya magoti, hakupiga makofi wala hakulia. Mimi walikuwa wameniomba nitume ujumbe wa sauti. Nilikuwa nimesema yote: kazi bila siku ya kupumzika, ulivyohamishiwa Jeddah, jinsi ulivyokufa. Wakacheza pale tu ninaposema jinsi nilivyokukanyaga. Ukumbi ukacheka. Nilipofika kwenye "lakini huku Saudia," wakanikata.

Nilikasirika. Nikajiambia nitaandika kila mahali, watu wajue. Lakini Jumapili, kabla sijaandika chochote, simu ikalia. Namba ya Kenya.

"Wewe ndiye Mwende?"

"Ndimi, mama."

"Yule wa picha?"

"Ndimi."

"Mwanangu alikuwa mfanyakazi wa ndani. Sivyo?"

Nilikuwa nimeshika taulo, nikawa nalikunja na kulikunjua.

"Usiogope, mwanangu. Nilijua kitambo. Mwalimu gani huyo, miaka mitatu shule haijawahi kufungwa?"

Nikamuuliza mbona hakukuambia kwamba anajua. Akasema, "Alitaka nisijue. Nikamwachia." Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayeomba. "Niambie kitu kimoja tu. Huko alicheza tena? Hata siku moja?"

Nekesa, ningeweza kumpa. Lilikuwa jambo dogo kabisa la kumpa mtu. Lakini nilikumbuka ile Ijumaa alasiri uani, pale watoto wa jengo walipokuwa wakirusha mpira kwenye kile kikapu kibovu kilichofungwa kwenye bomba. Mpira ukaja hadi miguuni pako. Ukauokota. Vidole vyako vikajipanga vyenyewe, nikaona. Nikasema, "Rusha basi!" Watoto nao, "Yalla, yalla!" Ukausimamisha mpira kifuani muda mrefu. Kisha ukainama, ukamkabidhi yule mdogo wao, ukajifuta mikono kwenye abaya. Nilipokuuliza kwa nini, ukasema, "Nikirusha mmoja nitataka wa pili."

Nikamwambia mama, "Hapana, mama. Hakucheza tena."

Nilisikia jogoo akiwika huko kwenu. Nilisikia mtu akiburuta kiti. Mama akasema, "Haya." Halafu akasema, "Asante kwa kutonidanganya," na hapo ndipo nilipovunjika, kwa sababu nilikuwa bado sijamwambia la kweli kuliko yote.

Wewe unalijua. Baada ya bosi wako kuhamishiwa Jeddah wakakuchukua pamoja nao, mkawa ghorofa ya nne mtaa wa Bani Malik, lifti mbovu. Ukaanza kunipigia. Kwanza ulifanya mzaha: "Mwende, ngazi zimenishinda, mimi!" Baadaye mzaha ukaisha. Miguu imevimba. Ukifika juu na mifuko lazima ukae chini kwanza, moyo unadunda hadi masikioni. Ukaniuliza, "Nimwambie madam anipeleke hospitali, ama watanirudisha?"

Nami nikasema, "Vumilia. Imebaki miezi miwili tu. Ukisema u mgonjwa watakurudisha kabla ya mkataba kuisha."

Ukacheka kidogo. Ukasema, "Sawa, kocha."

Wiki haikuisha. Jumanne asubuhi simu yako ikanipigia, nikaipokea kwa matusi yetu yale ya uwanjani, na aliyekuwa upande wa pili ni madam wako, analia. "Nekesa halas," alisema. "Halas." Neno hilo hilo wanalotumia chakula kikiisha. Alikuwa amekukuta jikoni. Gari la wagonjwa lilikuja, lakini hukufika hospitali ukiwa hai. Nilitaka kumchukia, Nekesa, nilijiandaa kabisa kumchukia. Akaniuliza kwa Kiarabu cha polepole ili nielewe: "Kwa nini hakuniambia? Ningempeleka."

Labda ni uongo. Labda angekurudisha kweli. Sitajua kamwe. Mwili wako ukasubiri karatasi wiki baada ya wiki huko Jeddah, na mimi nilikuwa Riyadh napiga pasi mashati. Ulizikwa nikiwa nakaanga sambusa za wageni. Hata kuomba sasa siombi vizuri, nafika kwenye jina lako nanyamaza. Kuna msichana mpya kwenye ghorofa yako ya zamani, anatoka Kisii, huniamkia vizuri na anatafuta urafiki. Namkwepa. Naogopa aniulize ushauri.

Watu wanaandika chini ya ile picha kwamba wewe ni shujaa, kwamba rekodi yako haitavunjwa. Nasoma yote. Hakuna hata mmoja anayeandika kwamba ulikuwa na baridi kila mara kiyoyozi kikiwashwa, au kwamba ulikuwa unaimba vibaya. Mimi nayajua hayo na hayanisaidii kitu.

Ikama yangu, kibali cha kukaa huku, inakwisha baada ya Ramadhani, na kafili, mwajiri anayenidhamini, amekubali kunipa karatasi za kuondoka. Sitaanzia kwetu. Kutoka uwanja wa ndege nitapanda gari la kwenda kwenu Bungoma, nitaulizia nyumba ya mama yako. Kwa simu nilishindwa, lakini nitakaa mbele yake nimwambie kwamba uliniuliza, na nilichokujibu. Akinifukuza nitatoka. Akinyamaza nitakaa. Sitamwomba anisamehe, kwa sababu kusamehe nako ni mzigo, na si haki yangu kumtwika. Nitamwambia tu, kisha nitamwomba anionyeshe kaburi.

Pumzika, dadangu. Kuhusu mama yako usiwe na shaka, nitafika.

Mwende