Meza ya Dirishani na Programu Mpya za Ofisi

UMOJA WA MAFUNDI CHEREHANI WA JENGO LA KIJANI
Kikao cha 19, Alhamisi, chumba cha kukatia vitambaa, kuanzia saa 8:30 mchana

Waliohudhuria: Mwenyekiti (fundi suti), Mama Vifungo (fundi sare za shule), Babu Zipu (fundi viraka), Katibu (fundi mashati, mwandishi wa haya).
Mwalikwa: Fundi Kompyuta, mkwe wa Mwenyekiti.
Asiyehudhuria: Fundi Mapazia. Alisema yuko njiani. Kikao cha 18 pia alikuwa njiani.

KUMB. NA. 1/19: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliomba cherehani zisimamishwe. Babu Zipu alisimamisha yake baada ya kuombwa mara tatu, akidai amebakiza mshono mmoja tu.

KUMB. NA. 2/19: TOLEO JIPYA LA PROGRAMU ZA OFISI
Fundi Kompyuta alieleza kwamba kompyuta ya Umoja imewekewa toleo jipya. Sasa wajumbe wote wanaweza kuandika waraka mmoja kwa wakati mmoja, kila mtu kwenye simu yake. Mashine inasoma waraka kwa sauti. Tena kuna historia: kila kilichoandikwa na kilichofutwa, nani kafuta na saa ngapi.

Katibu aliuliza kama historia inaanzia leo. Alijibiwa kwamba programu ya zamani ilikuwa ikiyaweka yote, ila ilikuwa haionyeshi. Katibu alipendekeza kikao kiahirishwe kwa sababu ya joto. Hakuungwa mkono.

KUMB. NA. 3/19: MAJARIBIO
Mama Vifungo aliomba jaribio lifanywe kwa kumbukumbu za kikao cha 17. Katibu alishauri kitumike kikao cha 4, kilichokuwa kizuri zaidi. Mama Vifungo alisema, "Cha kumi na saba, mwanangu. Bonyeza."

Mashine ilisoma taratibu, kwa sauti ya kike, rasimu ya kwanza ya Katibu pamoja na sentensi alizokuwa amezifuta: kwamba Mwenyekiti alisinzia kuanzia ajenda ya pili hadi chai, na kwamba Babu Zipu akipewa nafasi ya kusema huzunguka kama gurudumu lililokatika mkanda, hashoni kitu. Mwenyekiti alifafanua kwamba alikuwa amefumba macho akitafakari. Babu Zipu alikanusha kwa dakika kumi na moja.

Kisha mashine ikasoma: "Imeamuliwa meza ya dirishani apewe Mama Vifungo." Ikaendelea kusema kwamba kesho yake, saa 1:12 asubuhi, Katibu alifuta "apewe Mama Vifungo" akaandika "iendelee kutumiwa na Katibu".

Mama Vifungo aliomba meza hiyo iingizwe kwenye ajenda papo hapo.

KUMB. NA. 4/19: MEZA YA DIRISHANI
Mama Vifungo alieleza kwamba kwa miezi miwili amekuwa akishona matundu ya vifungo kule chini ya ngazi, uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi, akidhani wenzake wamebadili mawazo wakaona haya kumwambia. "Nilijua mmenichoka," alisema. "Kumbe ni huyu! Huyu niliyemfundisha kushika sindano!"

Katibu alijitetea kwamba ni hitilafu ya mashine. Mashine iliombwa isome tena. Ilisoma. Katibu alikiri, akaeleza kwamba dirishani ndipo wateja wanapomwona kutoka barabarani, akaomba radhi. Aliona aibu sana. Hilo limeandikwa kwa agizo la Mwenyekiti, lakini ni kweli.

Iliamuliwa:
(a) Meza apewe Mama Vifungo kesho saa moja asubuhi, na Katibu ahamie chini ya ngazi.
(b) Katibu asivuliwe ukatibu, kwa kuwa wajumbe walipoulizwa nani yuko tayari kuandika, wote walitazama dari.
(c) Kuanzia leo kumbukumbu ziandikwe waraka ukiwa wazi kwenye simu za wajumbe wote.

KUMB. NA. 5/19: MENGINEYO
Babu Zipu aliomba mashine isome mara ya tatu, kwa sababu ameipenda ile sauti. Alikataliwa. Fundi Mapazia alipiga simu kusema amekaribia.

Saa 10:40 jioni Mwenyekiti alisema yatosha, na cherehani zikaanza tena kulia.

Mwenyekiti: .................... (yuko macho)
Katibu: ....................

Historia ya waraka huu
Saa 10:47 jioni: Mwenyekiti ameongeza "(yuko macho)".
Saa 10:52 jioni: Katibu amefuta "kesho", ameandika "nafasi ikiruhusu".
Saa 10:53 jioni: Mama Vifungo amerudisha "kesho", ameongeza "saa moja asubuhi".