Kanuni Niliyoiandika kwa Haraka

Kikwajuni, Alhamisi, baada ya alasiri

Maalim wangu,

Assalaam alaykum. Ulinifundisha kwamba barua isianze na salamu za ukurasa mzima, kwa sababu hakimu ana njaa na anataka kujua haraka mtu amefikwa na nini. Basi nakwenda moja kwa moja. Sikukuzika. Siku uliyopelekwa kaburini nilikuwa barabarani Kiembe Samaki, mzima wa afya, baiskeli mkononi, na sikuja.

Maneno hayo nimeyaandika mara tatu na mara mbili nimeyafuta. Kama ningekuwa nayaandika kwenye meza zetu za kuandikia watu barua pale barazani kwa korti, Vuga, ungenichukulia kalamu ukaniambia ninywe maji kwanza. Hii ni wiki ya nne. Mtu akikohoa nyuma yangu pale korti bado nageuka, na watu wananiona nikigeuka, na mimi najifanya natazama saa ya ukutani.

Nikupe habari zangu. Mimi sasa ni Bwana Sheria. Ndivyo wanavyoniita Kikwajuni, wakubwa kwa wadogo. Unakumbuka nilivyokuwa nikikuhadithia kwamba chama chetu kimezaliwa bara, na sisi wanachama tulio huku kisiwani, ng'ambo ya bahari, tuna umoja wetu wenye mwenyekiti wake na kanuni zake. Afisa wa Sheria ndiye anayezitunga hizo kanuni, anaandika barua za kwenda Serikalini, na mwanachama akidaiwa kukosa, yeye ndiye anayesimama kumsomea shitaka mbele ya mkutano. Wewe ulikuwa chama cha upande wa pili, cha wenyeji wa visiwani, na hukuwahi kunificha. Mimi pia sikukuficha kwamba naitaka kazi ile. Niliitaka sana, Maalim. Baba yangu alivuka kuja kuchuma karafuu, akafa bado anatia kidole gumba kwenye wino kila anapoambiwa asaini. Nilitaka mtu wa nyumba yake asimame mbele ya watu na karatasi aliyoiandika mwenyewe.

Mpinzani wangu alikuwa Bwana Tosiri, karani wa forodhani, kijana wa suruali zenye mstari mkali wa pasi, kasoma miaka mingi kuliko mimi. Mimi nilikuwa na darasa la sita na miaka kumi na moja ya kukaa nawe mezani. Nikaona nitashindwa. Siku moja mwenyekiti wetu, Bwana Almasi, nokoa, msimamizi wa wachukuzi bandarini, akasema mbele yetu sote kwamba watu wa upande wa pili wametususia maduka, wametususia mpaka samaki, na sisi tumekaa tu. Anayetaka kura, akasema, na atuandikie kanuni ya kuwajibu.

Tosiri akaomba wiki moja akatazame vitabu. Mimi nikaandika pale pale, nimekaa kwenye benchi, karatasi juu ya goti. Naikumbuka neno kwa neno: Mwanachama yeyote atakayehudhuria harusi, maziko au hitma ya mtu wa chama cha upande wa pili, au atakayekwenda kutoa mkono wa taazia nyumbani kwake, atafukuzwa uanachama. Nikaisoma. Watu wakapiga makofi mpaka vumbi likatoka kwenye mkeka. Nami, Mungu anisamehe, nikajiona mrefu.

Wewe hukunifundisha kuandika hivyo. Unakumbuka mkataba wa Mzee Mfaume, yule mwashi, alipokuwa akigombana na mwenye kiwanja? Nilikuwa nimeshaumaliza, safi kabisa: mpangaji atahama ifikapo siku kadhaa. Ukaukataa. Ukaniuliza iko wapi isipokuwa yake. Nikasema mwenye kiwanja hakuitaka. Ukaniambia, "Binaadamu hawaenei kwenye sentensi moja. Watilie isipokuwa, wapate pa kupita." Tukatia: isipokuwa patakapokuwa na ugonjwa au kifo nyumbani. Mwenye kiwanja akasaini bila ya kusoma, na siku ile ilifika mke wa Mzee Mfaume yu mgonjwa kitandani, akafariki baadaye. Alitolewa mlangoni kwake mwenyewe, chini ya paa lake, kwa sababu ya neno lile moja. Miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia watu hadithi hiyo kama kwamba neno lile nililitia mimi.

Baada ya kanuni kupita niliondoa meza yangu. Hilo pia niliseme. Watu wako walikwambia umfukuze yule mtoto wa bara, nawe ukawajibu kwamba pahala ni pako na kiti ni changu. Hukunitoa. Nilijitoa. Asubuhi moja niliihamishia meza yangu upande wa pili wa ngazi, nikakwambia huku kuna upepo zaidi. Ukatazama juu, ukasema, "Naam, kuna upepo," ukaendelea kuandika. Hatukuzungumza tena zaidi ya shikamoo na marahaba. Halafu ukawa huji. Wakasema unaumwa kifua. Nikasema nitakwenda kukuona uchaguzi ukisha.

Uchaguzi ulikuwa Jumapili. Wewe ulikufa Alhamisi.

Habari niliipata kwa muuza magazeti, Ijumaa asubuhi. Nikapanda baiskeli. Sikuwa nimeamua lolote. Miguu ndiyo iliyokuwa ikienda. Nilipofika kwenye njia panda ya kwenu niliona watu wanatoka msikitini, na jeneza limefunikwa ile shuka ya kijani, na jamaa zako wa Kizimkazi waliokuja na gari la shamba wamejaa mpaka kwenye miembe ya jirani. Mwenye duka wa Kihindi alitoka nje akasimama mpaka ulipopita. Yeye si wa dini yetu wala hana chama.

Na mbele kabisa, bega lake chini ya mti wa jeneza, Mzee Mfaume. Yeye ni mwanachama wetu, kadi yake nilimwandikia mimi. Akaniona. Unajua watu wanavyopokezana, mmoja akichoka humpisha mwenziwe. Akaniashiria kwa kichwa, njoo unipokee.

Nikainama, Maalim. Nikajifanya mnyororo wa baiskeli umetoka. Niliushika, nikauzungusha, mikono ikawa myeusi kwa girisi, na kichwa sikukiinua mpaka zile sauti za laa ilaaha illa Llah zikawa mbali. Mnyororo haukuwa na kitu. Nikarudi mjini, nikaosha mikono kwa sabuni na mchanga, na girisi ya chini ya kucha haikutoka mpaka siku ya tatu.

Haikuishia hapo. Jioni Bwana Almasi akaniita faragha akaniuliza kwa nini nimeonekana nikienda njia ya Kiembe Samaki, na kesho kutwa ni uchaguzi. Nikaogopa. Nilimwambia nilikuwa napita tu. Na kwa kuwa alinitazama kama mtu asiyesadiki, nikaongeza, "Kama unamtafuta aliyebeba, muulize Mzee Mfaume." Ulimi wangu mwenyewe. Hakuna aliyenipiga wala kunitisha.

Jumapili nikashinda. Tosiri alipata watu wake, mimi nikapata wangu, na wangu wakawa wengi. Wakaninyanyua mabegani kunizungusha uwanjani. Nikiwa kule juu nikakumbuka bega la Mzee Mfaume. Nikaomba waniteremshe, wakadhani naona haya.

Kazi yangu ya kwanza niliyopewa ni kuandika shitaka la Mzee Mfaume. Yeye mwenyewe alikuja nyumbani kuniuliza, kofia mkononi, mtu aliyenipita umri mara mbili ananiamkia Bwana Sheria. Nikamwahi kwa shikamoo, nikamkalisha. Akaniambia, "Mie sikusoma, mwanangu. Niambie tu. Nimekosa kumbeba, au nimekosa kuonekana?"

Nikamwambia mambo yatatazamwa. Akanyanyuka, na alipofika mlangoni akasema, "Siku ile nilikuita unipokee. Nikaona mnyororo umekutoka." Akaniaga vizuri. Sijui kama alisadiki au alinistahi.

Jana nimekwenda kwako. Mchana, jua la saa nane, njia ina watu. Baiskeli niliiegemeza kwenye ukuta wa mbele. Nikapiga hodi. Bi Mize yumo katika eda, kwa hiyo mpwa wake alinitandikia mkeka ukumbini, na yeye mwenyewe akazungumza nami kutoka ndani, nyuma ya pazia. Nilisema shikamoo tu akanijua kwa sauti.

"Marahaba, Idi. Umechelewa," akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama zile siku nilipokuwa nikija kula wali kwenu baada ya kazi na samaki ameshapoa.

Nikatoa mkono wa taazia kwa maneno, kwani mkono wenyewe haukuwa na pa kwenda. Nikasema ninayopaswa kusema. Ndipo akanihadithia. Kanuni yangu ilifika mpaka kwenye mkutano wenu. Wakakupa wewe uisome kwa sauti ili watu wako waone ubaya wetu, ukakataa, ukaja nayo nyumbani. Homa ilikuwa imeshaanza. Ukaisoma kitandani, ukaigeuza nyuma, ukaigeuza tena mbele. Bi Mize akakuuliza unatafuta nini.

"Kanambia, natafuta isipokuwa yake," akasema Bi Mize. "Nkamwambia huyo kijana kashakutupa, Maalim. Kasema hapana, anajua huyu. Alikuwa na haraka tu."

Nilidhani amemaliza. Nikasikia anapangusa pua.

"Na alituusia. Kasema, Idi asipokuja kunizika, msimseme."

Nimelia, Maalim. Nimelia juu ya mkeka wako na mlango uko wazi, na watu wanapita, na yule mpwa kaleta maji sikuweza kuyanywa. Ningependa kukwambia nililia kwa ajili yako tu. Nililia kwa sababu ulinijua kiasi hicho, ukajua kwamba nitaogopa, ukanitangulia kunitetea mbele ya watu wako kwa kosa ambalo bado sijalifanya. Hiyo ilikuwa isipokuwa yangu. Uliniandikia wewe, na mimi sikuwa nimemwandikia mtu yeyote.

Na kule ndani Bi Mize akaniuliza kama nimekula.

Leo nimekaa tangu adhuhuri kuandika hati ya shitaka. Mkutano ni Jumapili. Nilifikiria kwanza kuirekebisha kanuni, lakini unajua vizuri kuliko mimi, kanuni ikirekebishwa leo haimwokoi aliyeshitakiwa jana. Mzee Mfaume lazima asomewe. Bwana Almasi anataka afukuzwe iwe funzo kwa wengine. Nikimtetea kwa maneno matupu wataniuliza mimi ni Bwana Sheria wa nani.

Basi nimefanya ulivyonifundisha, nimeanza na ukweli uliopo. Kanuni inamfukuza anayekwenda kutoa taazia. Mimi nimekwenda, Jumatano, saa nane mchana, baiskeli yangu imeonekana ukutani, mashahidi ni nusu ya Kiembe Samaki. Nimeandika washitakiwa wawili. Nimeandika pia kwamba aliyemtaja Mzee Mfaume ni mimi, na kwamba siku ya maziko mnyororo wa baiskeli haukuwa umetoka. Mwisho wa karatasi nimeomba kanuni iongezwe maneno matatu, yahesabiwe tangu siku ilipopita: isipokuwa palipo kifo. Wakiyakubali, alhamdulillahi. Wasipoyakubali, itabidi watufukuze sote wawili kwa pamoja, na Tosiri atapata kiti chake. Ataandika vizuri, ana vitabu.

Nitaumia, sitakudanganya. Nililipenda jina lile. Asubuhi nikipita Kikwajuni watoto wa chuo cha Kurani wananiita Bwana Sheria na bado moyo unaruka. Lakini meza yangu nimeshaizungumza na mlinzi wa korti. Jumatatu nairudisha pale ilipokuwa, ubavuni mwa yako, na yako hataikalia mtu madhali mimi nipo. Na Bi Mize akitoka eda, mimi na Mzee Mfaume tutakuja kukusomea hitma, tukiwa na kadi au hatuna.

Kwaheri, Maalim. Mungu akulaze pema. Sikukubeba ulipohitaji bega, na hilo nitakufa nalo. Jumapili nitasimama mbele ya watu na karatasi niliyoiandika mwenyewe, kama nilivyotaka siku zote, na nitaisoma kwa sauti. Jina la kwanza ni langu.

Mwanafunzi wako,
Idi