Maneno Uliyosema Bila Mikro

Mama,

Ni mimi Kahindo, mkwe wako. Niko jikoni. Paluku amejifungia chumbani na hatusemeshani. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Wewe ulinikataza kufanya kazi nikiwa hivi. Wiki ya kwanza ya ndoa yangu ulinikuta nalia juu ya lungo, ukasema, "Mwenye kuchagua maharagi na machozi atakula majiwe." Ukanipokonya lungo, ukanipa kiti. Basi leo maharagi yatangoja.

Ile filamu imetoka. Ile ya mjadala wa feminisme, hizo haki za wanawake, waliyoipiga katika ukumbi wa parokia hapa Butembo, miezi mitatu kabla hujatuacha. Unamkumbuka msichana wa kamera aliyechomeka waya wake kwenye vyombo vya sauti vya ukumbi ili anase yanayosemwa. Na unakumbuka nani aliongoza mjadala: Paluku, mume wangu, mwanao wa kumzaa. Wanaume walipiga kelele kwamba feminisme ni ugonjwa wa wazungu na inabomoa nyumba. Wanawake wakawazomea. Ndipo wewe ukasimama na kitenge chako cha kanisani, ukaomba mikro, ukumbi mzima ukusikie.

Hukumaliza hata sentensi mbili. Paluku aliichukua mikro mkononi mwako, anatabasamu, akauambia ukumbi: "Mama iko anapenda tu kusema, donc, ndiyo kusema, mwanamuke wa akili anajenga nyumba yake." Makofi! Lakini wewe hukukaa. Uliendelea kwa sauti yako ya sokoni, na sisi wa benchi la mbele tulisikia kila neno:

"Bwana yangu alikufa asubui. Bandugu yake walipima parcelle, kiwanja yetu, na kamba kabla ya kupima sanduku yake ya kuzikwa. Ile siku sikukuwa najua hata ile neno feminisme. Lakini nyumba ilibomoka. Ni nani aliibomoa?"

Mama, katika filamu hayo hayamo. Waya ulinasa tu yaliyopita kwenye mikro, na mikro ilikuwa kwa Paluku. Unaonekana midomo ikicheza, unajipiga kifua, na juu ya uso wako inasikika sauti ya mwanao. Wewe uliyeshinda kwenye ofisi ya chifu miaka miwili mpaka shemeji zako wakaachia kiwanja, sasa umegeuzwa mama mpole anayesifia wanawake wapole.

Walipoionyesha hapa mara ya kwanza, nilinyamaza. Sikufichi. Nilikaa kimya na watu wakamshika Paluku mkono, wakimwambia mama yake alikuwa na hekima. Tulipofika nyumbani akasema, "Umeona? Mama alinisaidia sana." Ulimsaidia! Na huyu ndiye aliyejigaragaza chini kwenye matanga yako mpaka wakamshika wanaume wanne. Kweli asante ya punda ni mateke.

Nikamfuata msichana wa kamera. Aliinamisha kichwa, akasema alimwamini Paluku kwamba ndivyo ulivyosema, kwa kuwa hakufikiri mtoto anaweza kumgeuzia mama yake maneno. Sauti yako hana. Alichonacho ni nafasi moja kwenye gari la kwenda Beni kuonyesha filamu, akanipa.

Kule Beni, ulipotokea kwenye pazia la sinema, nilisimama. Nikayasema maneno yako yote, kuanzia ile asubuhi mpaka swali la mwisho. Kisha mama mmoja kule nyuma akaita, "Rudilia!" Nikarudilia. Paluku, aliyeketi mbele na wageni wa heshima, akaja akininyooshea mkono. Sikuwa na mikro ya kunipokonya. Alibaki na mkono wake hewani, watu wakimtazama.

Jana, hapa nyumbani, akaniambia: "Samedi filme inaenda Kasindi. Ukienda nayo, hapana kurudia humu."

Humu! Katika nyumba uliyoipigania wewe! Kiwanja amekiandikisha kwa jina lake peke yake kabla majani hayajaota kaburini kwako, na sasa kwa karatasi hiyohiyo ananionyesha mlango. Nilitaka kumtupia sufuria. Watoto walikuwa wanaangalia, nikaiweka chini.

Naogopa. Kwetu ni Mbau, na unajua waasi wanavyoua watu Mbau siku hizi. Hata kaka zangu walishakimbia na magodoro kichwani. Nikifungiwa mlango hapa, sina pa kulaza wajukuu zako.

Lakini Jumamosi naenda Kasindi. Nitasimama, nitasema. Kisha nitarudi na kubisha mlango huu mchana kweupe, majirani wakiangalia, na asipofungua nitabisha tena kesho yake.

Lala, Mama. Usiniombee upole, upole ninao wa kutosha. Kila watakapoionyesha filamu hiyo nitayasema maneno yako, mpaka mwanao ayajue kwa moyo.

Mkwe wako,
Kahindo