Mkoromo wa Sinki na Mwenye Makosa

Mama,

Sinki nimelitengeneza mimi, bila fundi. Ila usifungue maji: bomba lililopinda chini yake liko hapa mezani, nami nakimbilia dukani kutafuta mpira wake, umenikatikia. Ndoo iliyo chini ya sinki isiguswe.

Asubuhi lilipokoroma, Kaka aliligonga kwa mwiko akatangaza, “Hewa tu!” Daktari bingwa huyo! Nimechomoa bonge la majani ya chai, kubwa kama ngumi, na mnywaji chai wa nyumba hii tunamjua. Uliapa aliyeliziba ataosha vyombo mwezi mzima. Basi aanze leo ~~Kaka~~

Ngoja. Bibi anasoma begani kwangu. Anasema, “Andika na hili, mjukuu wangu: kila siku nakuona ukikung'utia chujio la chai humohumo sinkini, na pipa liko hatua mbili.”

Kitindamimba wako