Vidung'ata vya Bibi Mdachi

Dodoma, kiangazi

Kwa mume wangu Swedi, uliyeko kwenye kazi ya reli huko Tabora.

Salamu nyingi. Hati hii unaijua, lakini nyamaza kwanza, usome mpaka mwisho.

Huku hatujambo. Mawaridi ya Bibi Mdachi, yule ninayemfulia nguo, yaliingiwa na vidung'ata, wadudu weupe kama waliopakwa unga. Bibi akaagiza mbawakawa weusi. Wakaja kwa gari la moshi ndani ya kopo, wakavila vile vidung'ata kama wageni wa harusi walioona pilau. Tukashangilia. Mara wakatokea wadudu weupe wengine, wakubwa zaidi, wenye manyoya. Bibi akapiga kelele, nami na Silvano mtunza bustani tukawaponda wote kwa vidole. Bwana, mumewe, aliporudi safarini akashika kichwa: kumbe wale walikuwa watoto wa mbawakawa! Wanapokuwa wachanga hufanana na vidung'ata. Bibi alilia, akaagiza kopo jingine.

Barua yako imefika. Umeambiwa mwanamume mwenye kanzu nyeupe anaingia nyumbani kwetu, basi utanipa talaka. Ni kweli anaingia. Anakula ugali wangu wa uwele na kulalamikia chumvi. Alitoka Bagamoyo kuja kunijulia hali, maana wewe ulikuwa umeninyamazia.

Sijui kuandika, ananiandikia yeye. Baba yako anasema talaka uilete mwenyewe. Bakora yake iko mlangoni.

Mkeo, ambaye bado hajapondwa,
Stara