Nati za Rimu Nene

4 Februari 1993

Kwako mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti la kushoto hunikumbusha umri wangu kila nikikanyaga klachi. Na wewe, kile kifua kimepona?

Miaka minne sasa unaniandikia mistari miwili na mimi nakujibu miwili. Leo nina shida, kwa hiyo mimi ndiye ninayelegeza kamba. Pikapu ya marehemu baba yako imebaki na matairi vipara, na rimu ya nyuma kulia imechomelewa mara mbili. Kila asubuhi napakia maziwa ya watu wa huku juu nayateremsha hadi kituo cha kuyakusanya, na mteremko wetu unaujua. Masika yako mlangoni.

Dukani hapa kuna rimu za kila gari isipokuwa letu. Muuzaji anasema, "Itaingia tu, mama." Nikamwambia, hata mguu huingia kwenye kiatu cha jirani, kutembea ndiyo kazi.

Wewe ndiye fundi wa magurudumu. Nitafutie.

Mama yako


15 Februari 1993

Shikamoo mama,

Kifua kimepona. Pole na goti.

Nilidhani umeshaiuza. Wiki ile tuliyomzika baba nilikwambia uiuze kabla hujaua mtu, nawe ukaenda kujifunza kuendesha. Sitaki kuyafufua.

Nipe vipimo. Gurudumu lina boliti ngapi? Tundu la katikati lina upana gani? Ubavuni mwa tairi pameandikwa namba gani? Kwa muuzaji huyo usinunue hata kofia. Gurudumu lisilolingana na gari halikwambii siku ya kwanza.

Mwanao


24 Februari 1993

Mwanangu,

Hatujambo, ila roho juu juu.

Boliti ni tano. Tundu nimelipima kwa rula ya shule, namba nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Kwenye matairi yote zimefutika. Nimezipata kwenye lile la akiba, nikiwa nimelala chalichali chini ya gari na kulisugua kwa chaki. Mkunga alinishikia tochi. Ni jirani yetu mpya, nampakia kila akienda kuzalisha katika vijiji vya chini.

Jana imenyesha mvua ya kwanza. Kwenye kona ya pili mkia wa gari ulitaka kutangulia kichwa. Lilipotulia, mkunga alishuka akamaliza mteremko kwa miguu.

Harakisha.

Mama yako


18 Machi 1993

Shikamoo mama,

Natumaini mu wazima. Mimi nyayo zinawaka moto. Wiki tatu nimezunguka yadi za magari mabovu, na kila mwenye yadi anaapa kwamba boliti sita ni sawa na tano ukijua kupiga nyundo.

Jana nimepata. Rimu nne, zimetoka kwenye pikapu ambayo ni ndugu wa tumbo moja na yetu. Boliti tano, tundu la katikati sawa kabisa. Ni nene kidogo kuliko zako, ila hazina ufa. Nimezivika matairi mapya ya matope, yote saizi moja. Kesho zinapanda na lori la mbao.

Ukikaza, kaza nati moja kisha ya upande wa pili, usizunguke kama saa.

Mwanao


20 Machi 1993

Mama, shikamoo.

USIENDESHE.

Rimu nene zinataka nati ndefu. Nilizinunua pamoja na rimu, nikazitia kwenye kopo, na sasa hivi nimeliona kopo juu ya rafu yangu. Nati zako za zamani ni fupi, zitashika ncha tu ya boliti. Zitakaza vizuri na zitakudanganya. Zikitikiswa, zitafunguka.

Namkabidhi utingo wa basi barua hii pamoja na kopo. Nakuomba, gari lisitoke uani.

Mwanao


21 Machi 1993

Mwanangu mpendwa,

Hali zetu njema, na leo njema zaidi. Magurudumu yamefika! Nimeyafunga mwenyewe, kama ulivyosema. Gari limesimama kama limevaa viatu vya harusi. Baba yako angelizunguka mara tatu akijifanya anatafuta kasoro.

Kesho asubuhi nateremka na maziwa. Mkunga amekubali kukaa mbele tena, kuna mama anamsubiri huko chini. Nimemwambia, "Haya ni ya mwanangu." Akasema, "Basi napanda."

Mungu akuzidishie.

Mama yako


28 Machi 1993

Mama,

Barua yako ya tarehe 21 imenifikia leo. Umeandika "kesho". Hiyo kesho ina siku sita sasa.

Kituo cha basi wanasema barabara ya juu ilikatwa na mvua, basi lilikwama. Hakuna anayejua mizigo iko wapi. Nimeuliza kila dereva aliyetoka huko. Mmoja kasema ameona pikapu pembeni ya mlima. Rangi gani? Hakukumbuka.

Nilikwambia utaua mtu na gari hilo. Kumbe muuaji mwenyewe ni mimi.

Siku ile nilipomkabidhi utingo kopo, aliniuliza, "Hupandi? Kiti kipo." Nikasema nina kazi. Sikuwa na kazi, mama. Niliona haya kukutazama usoni.

Niandikie hata neno moja.

Mwanao


2 Aprili 1993

Mwanangu,

Usishtushwe na mwandiko, ni wa mkunga. Mimi nasema, yeye anaandika. (Na anasema haraka mno. Mkunga.)

Tu hai. Kwenye kona ya pili usukani ulianza kutetemeka. Nikamuuliza mwenzangu, "Unasikia?" Akasema, "Nasikia meno yangu." Nikapunguza mwendo, na hapo gurudumu la mbele likatupita, likashuka bondeni kama lina miadi. Nikaukatia usukani upande wa mlima, tukagota. Mimi nimevunjika mkono wa kulia. Yeye kapasuka kwenye paji, nyuzi tano. Alijifunga kitambaa, akatembea hadi chini, akamzalisha yule mama. Mtoto wa kike, mzima.

Sasa nisikilize. Nilipokuwa nakaza niliona nati zinashika kidogo. Niliona kwa macho yangu. Nikajiambia, mwanangu hakosei. Hivyo kosa hili usilibebe peke yako. Nusu ni yangu, na sikupi.

Kopo lilifika siku tatu baada ya ajali. Fundi wa hapa alitaka kuzifunga hizo nati. Nimemkatalia.

Mkono unataka wiki sita, na watu wanamwaga maziwa kila asubuhi. Barua hii usiijibu. Panda basi.

Mama yako