Zile Video za Njia ya Galu

Galu, 3 Februari 2025

Kaka Abubakar,

Assalaam aleikum. Muscat yakuwekaje? Sisi twashukuru Mungu, ila Mama magoti yamsumbua.

Ile kompyuta uliyoniachia imekataa kufungua Windows. Ndani mna video nilizowapiga Bibi Mwanaima na wenzake wavua pweza wakipita njia ya pwani, kabla hoteli haijaiziba kwa ukuta. Kesi ni mwezi ujao, na wakili wa hoteli adai njia haikuwapo kamwe. Fundi wa Ukunda asema hakuna dawa ila kufuta kila kitu. Nilichukua kompyuta yangu nikatoka.

Mdogo wako,
Subira

Muscat, 5 Februari

Subira,

Waaleikum salaam. Mimi mzima. Mpe Mama pole.

Usikubali kufuta. Iliyoharibika ni Windows. Video huenda ni nzima. Nilikuwekea Linux pia humo, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta. Ukiwasha, chagua Ubuntu, ndiyo hiyo Linux, fungua lile dirisha la amri. Andika lsblk uone sehemu za diski. Iliyo kubwa kuliko zote ndiyo ya Windows. Kama ni sda3, andika hivi kuifungua:

sudo mount -o ro /dev/sda3 /mnt

Hiyo ro ni ya kusoma tu, hutaharibu kitu. Kisha:

cp -r /mnt/Users/Subira/Videos ~/

nazo zitanakiliwa upande wa Linux.

Lakini zikitoka, kaa nazo. Wale wana nguvu, nami niko mbali. Kesi iacheni.

Kakako,
Abubakar

Galu, 8 Februari

Kaka,

Salaam, na ahsante. Mara ya kwanza nilikosea herufi moja, ikanikatalia. Nikarudia. Zimetoka zote, hata ile ya askari wa hoteli akiwabebea kina Bibi Mwanaima ndoo njiani.

Ya kesi nimeyasoma, na sitayafuata. Nilimweleza Bibi Mwanaima hofu yako. Akasema, "Mwambie kaka yako, njia hii mamangu aliipita na mimba yangu. Nimwogope nani?" Mama naye ameapa kwenda mahakamani, magoti yaume yatakavyo.

Mdogo wako,
Subira

Galu, 14 Machi

Kaka,

Assalaam aleikum. Natumai u mzima. Hukunijibu, nami sikununa.

Hakimu alizitazama video hadi mwisho, akaamuru ukuta uvunjwe penye njia. Jana tulipita, Mama kwa mkongojo. Meneja wa hoteli akatuuliza twaenda wapi. Bibi Mwanaima hakupunguza mwendo. "Pwani," akamjibu.

Nakala ya video nakutumia. Utake usitake, nawe sasa ni shahidi.

Mdogo wako,
Subira